Mbona Tumesimama Hapa? Utangulizi wa Historia ya Stesheni Ndogo za Reli

Anayetaka kusoma historia ya reli za Afrika Mashariki hakosi vitabu. Kipo Permanent Way cha M. F. Hill, kilichochapishwa na shirika lenyewe la reli mwaka 1949. Kipo The Lunatic Express cha Charles Miller, cha mwaka 1971. Na masimulizi ya J. H. Patterson kuhusu simba wa Tsavo, yaliyotoka mwaka 1907, yanasomwa mpaka leo. Karibu vyote husafiri kwa treni ya haraka: vinaondoka Mombasa, vinashuka Nairobi kwa sura mbili tatu, kisha vinakwenda kuliona ziwa pale Kisumu. Stesheni za katikati zinapitwa usiku, madirisha yamefungwa. Ukibahatika unapewa jina tu, na hata jina huwa halitajwi mpaka simba amle mtu au daraja lisombwe na maji.

Makala haya ni mwaliko wa kushuka kwenye stesheni hizo. Fani yenyewe bado changa na haina mlango rasmi. Wanaoiingia wametoka kwenye historia ya kazi, jiografia na usanifu majengo, na wapo wastaafu wa reli ambao hawajawahi kujiita wanahistoria lakini wanajua mengi kuliko sisi sote. Kwa hiyo sitaanza na nadharia. Naanza na swali ambalo kila mtoto aliyepanda treni amewahi kumuuliza mama yake: mbona tumesimama hapa? Naliona ndilo swali bora tulilo nalo. Jibu lake la kwanza hutoka kwa mhandisi. Yanayofuata hutoka kwa watu wengine kabisa, na kila kizazi huja na lake, hata stesheni yenye umri wa miaka mia moja na ushee ikawa na majibu manne au matano yaliyolaliana. Kazi yetu ni kuyafumua moja moja.

Mfano wangu ni Mackinnon Road, stesheni iliyo chini ya kilomita 100 kutoka Mombasa, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya. Ukiitazama kwa macho ya abiria haina ajabu yoyote: pori, vumbi, njia mbili tatu za reli. Lakini kabla ya kuifikia, tumsikilize kwanza mhandisi.

Reli ya Uganda ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani Desemba 1901. Ilikuwa njia moja, yenye upana wa mita moja. Njia ikiwa moja, treni ya kwenda bara na ya kwenda pwani haziwezi kupishana ila mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Basi kila baada ya masafa fulani lazima pawe na reli ya pembeni, ndefu kiasi cha kumeza treni nzima, na lazima pawe na mtu wa kuamua nani asubiri nani apite. Hapo tayari una stesheni, hata kama eneo zima halina abiria hata mmoja. Ongeza maji, kwa kuwa injini ya mvuke hunywa bila kiasi, hasa ikipanda, na kutoka Mombasa treni hupanda tangu inapokiacha kisiwa. Ongeza na kuni: kwa miongo ya mwanzo injini nyingi zilichoma kuni zilizokatwa kandokando ya reli na kupangwa mafungu stesheni. Umbali wa kutoka stesheni hadi stesheni ulikuwa hesabu ya tangi, ya mlima na ya idadi ya treni kwa siku. Mwanakijiji hakuulizwa.

Ukiishika ramani ya reli ukiwa na hili kichwani, utaelewa kwa nini stesheni nyingine iko mbali na kijiji ambacho jina lake imelichukua, na kwa nini soko la kijiji likaja kuhama.

Tendo lenyewe la kupishana tulitazame kwa karibu, maana ndiyo kazi kuu ya stesheni ndogo, na wasomi wengi hulipita wakikimbilia mambo makubwa. Chukua usiku mmoja wa enzi ya mvuke. Stesheni masta anapata habari kutoka kwa mwenzake wa stesheni ya jirani kwamba kuna treni ya mizigo inayotaka kuja. Kabla ya kukubali, lazima ajue kwa hakika kwamba kipande cha njia kilicho kati yao ni kitupu. Akishakubali anaandika saa na dakika kwenye daftari. Mgeuza njia anatoka na taa yake, anakwenda kwa miguu mpaka mwisho wa uwanja, anavuta wenzo, reli zinahama, anahakikisha zimekaa sawasawa. Treni inaingia polepole kwenye njia ya pembeni na kusimama. Tangu hapo dereva hana la kufanya. Hawezi kuingia kipande kinachofuata mpaka awe na kibali cha kushika mkononi, kwingine kipande cha chuma, kwingine karatasi iliyotiwa saini, na kibali hicho bado kiko njiani kinaletwa na treni ya upande wa pili, au kinangoja ifike salama. Injini inanyweshwa maji, majivu yanatolewa. Inaweza kuwa robo saa, inaweza kuwa saa mbili. Kisha ile nyingine inafika na kishindo chake, dereva anapewa kibali, mgeuza njia anarudi kule gizani, na daftari linapata mstari mwingine.

Sasa fikiria abiria katika saa mbili hizo. Wana njaa, watoto wanalia, na nje kuna mtu mwenye mayai ya kuchemsha, machungwa, mahindi ya kuchoma, maji kwenye kibuyu. Wauzaji hawa, wengi wao wanawake, hawakuajiriwa na reli wala hawamo kwenye ratiba yake, ila waliijua ratiba kuliko baadhi ya wafanyakazi. Nadhani masoko mengi ya kandokando ya reli ni watoto wa ucheleweshaji. Reli isiyochelewa isingewaachia nafasi.

Turudi Mackinnon Road. Jina limetoka kwenye barabara, na barabara ilitangulia reli. Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, aliongoza Kampuni ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni ilianza kufungua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani kuelekea bara, kwa sehemu kubwa ikifuata njia ya misafara ya kale. Mackinnon mwenyewe alifariki mwaka 1893. Miaka miwili baadaye kampuni iliishiwa nguvu na serikali ya Uingereza ikachukua eneo lote. Reli ilipopita hapo, jina la tajiri huyo likabaki limening'inia porini kwenye bao la stesheni.

Pori lenyewe ni nyika ya Taru, sehemu ambayo wapagazi wa misafara waliiogopa kuliko milima. Maji yalikuwa ya mvua, yaliyotuama kwenye mashimo ya miamba pale Taru, na mashimo yakikauka hapakuwa na maji ya uhakika mpaka upande wa Taita. Wajenzi wa reli walikutana na kiu ileile. Ikabidi maji yaletwe kwa treni kutoka nyuma yawafuate wafanyakazi mbele. Kufikia Machi 1898 reli ilikuwa imeshaivuka nyika na kufika mto Tsavo. Utaona kwamba ile kanuni ya mhandisi niliyoieleza inapata taabu hapa. Nilisema stesheni hufuata maji, lakini katika nyika hii maji ndiyo yaliyoifuata reli. Stesheni ya aina hiyo ni tegemezi tangu kuzaliwa, na mtafiti anapoingia mahali kama hapo ni vizuri aulize mapema: maji ya watu wa hapa yalitoka wapi, yalikuja siku gani, na nani alikuwa na ufunguo wa tangi?

Jibu la pili la swali letu ni kaburi. Kando ya reli, karibu kabisa na barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Masimulizi yanasema alikuwa Mpunjabi, msimamizi wa vibarua katika ujenzi wa reli. Wenzake walibeba makarai kichwani. Karai lake yeye lilielea juu ya kichwa bila kumgusa. Wanyama wakali hawakumdhuru. Alipofariki alizikwa hapo, na baadaye kaburi likawa mahali pa ziara, kwa Waislamu kwanza, lakini hata Wahindu na Masingasinga wamekuwa wakifika. Ikajengeka desturi kwamba treni ikipita hapo dereva hupunguza mwendo, na abiria hutupa sarafu dirishani. Hakosekani wa kukusimulia yaliyomfika dereva aliyepita kwa kiburi.

Mwanafunzi mgeni anapolipata simulizi la namna hii huwa ama analinukuu kama lilivyo na kuendelea na safari, ama analitupa kwa kuwa si ushahidi. Mimi nasema ni ushahidi mzuri, ila si wa jambo la kuelea. Karai ndicho kipimo cha kazi ya kibarua wa reli: udongo, kokoto na saruji vilihesabiwa kwa karai na kubebwa kwa kichwa, siku nzima, katika jua la Taru. Watu waliosimulia kwamba mmoja wao hakuguswa na karai walijua vizuri sana linavyouma. Vibarua na mafundi walioletwa kutoka Uhindi kwa mkataba walikaribia 32,000, na waliokufa kazini ni kama 2,500. Wengi wa marehemu hao makaburi yao hayajulikani. Huyu mmoja ana msikiti, na ana wageni kila wiki.

Kisha tazama lile la dereva. Kitabu cha kanuni za reli kinamwambia apunguze mwendo kwenye kona, darajani na penye matengenezo. Hakimwambii apunguze kwa ajili ya walii. Na bado ilifanyika, ikafundishwa na dereva mkubwa kwa dereva mdogo, ikavuka mipaka ya dini na kabila. Hapo tumeikamata kanuni ya uendeshaji iliyotungwa na wafanyakazi wenyewe. Katika faili za makao makuu usingeitarajia, na kwa sababu hiyo stesheni ndogo ina cha kutufundisha ambacho Nairobi haina.

Jibu la tatu lilikuja na malori ya jeshi. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa inaipoteza Uhindi, na kukaa kwake Misri kulikuwa mashakani. Ilihitaji mahali pengine pa kuweka akiba yake ya vifaa vya vita, na macho yakatua kwenye nyika ya Mackinnon Road: ardhi tele, reli mlangoni, bandari ya Kilindini karibu, na umbali wa kutosha kutoka baharini. Kambi ikaanza kujengwa. Stesheni ambayo kwa nusu karne ilikuwa ya kupishana tu ikawa inapokea mizigo mchana na usiku. Wala haikudumu. Mipango ya kijeshi ilibadilika, na muongo wa 1950 ulipokuwa bado mbichi mradi ulikuwa umeshaachwa, majengo yakabaki na upepo.

Kwa mtafiti, hapa karatasi zinaanza kuwa nyingi. Jeshi huandika kila kitu na kwa nakala tatu. Ni rahisi kukaa miezi kwenye faili hizo ukatoka ukiamini kwamba miaka hiyo michache ndiyo historia ya Mackinnon Road. Wingi wa karatasi unatuonyesha nani alikuwa na taipureta, basi. Wauza mayai hawakuwa nayo.

Majengo matupu, mbali na watu, reli ikipita mlangoni, na nyika isiyo na maji ikiwa mlinzi wa bure: mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliyatazama hayo yote na kuona jela. Tarehe 24 Aprili mwaka huo ilianza Operesheni Anvil, msako mkubwa wa serikali hiyo mjini Nairobi. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa mitaani, wakachujwa Langata, na wengi wakapakiwa kwenye treni kupelekwa kambi za Manyani na Mackinnon Road, zote mbili kando ya reli hiyohiyo. Njia zilizoleta vifaa vya vita sasa zilileta binadamu.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo fani yetu inapopimwa. Kwa lugha ya uendeshaji, treni maalumu ya mahabusu ni namba, saa ya kuondoka, idadi ya mabehewa na amri kwamba ipewe njia. Stesheni masta aliipokea kama alivyopokea treni ya saruji. Mgeuza njia alitoka na taa yake. Waliokuwa ndani husimulia joto, kiu, na kutojua wanakopelekwa, wakijaribu kukisia kwa harufu ya hewa na mteremko wa njia kama wanashuka kwenda pwani. Swali la mtoto, mbona tumesimama hapa, waliliuliza watu wazima. Ukiandika kwa kutumia daftari peke yake utapata treni iliyofika kwa wakati. Ukiandika kwa masimulizi ya mahabusu peke yake utawakosa watu wa stesheni, ambao waliishi miaka yote hiyo mita mia kadhaa kutoka kwenye senyenge, wakiwa na wake na watoto, wakisikia. Walijua nini? Walizungumza nini jioni? Swali hilo sijaona likiulizwa inavyostahili.

Hawa watu wa stesheni ni akina nani basi? Kwa muda mrefu wa ukoloni, stesheni masta wa stesheni ndogo mara nyingi alikuwa Mhindi au Mgoa. Waafrika walikuwa wageuza njia, wapiga kengele, watu wa genge, na walianza kupandishwa kwa wingi uhuru ulipokaribia. Huhitaji faili kulijua hili. Tembea tu uwanjani. Nyumba ya stesheni masta iko karibu, ina veranda na inatazama reli ili aone treni akiwa anakula. Kota za genge ziko mbali zaidi, chumba kimoja kimoja kwa mstari, jiko nje, choo cha pamoja. Daraja la mtu na rangi yake vilipimwa kwa futi za mraba, na majengo bado yanasema.

Watu wa genge wanastahili kitabu chao. Kila genge lilikuwa na kipande chake cha njia na lilikitembea kila siku, likikaza vifungo, likishindilia kokoto chini ya mataruma, likifyeka majani. Mataruma mengi katika reli zetu yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa hawakuachi na mti. Ukichutama kando ya njia utaona kwenye ubavu wa reli yenyewe maandishi yaliyovimba: jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Wanafunzi hufurahi sana wakiyaona, wakaandika haraka kwamba stesheni ni ya mwaka huo. Polepole. Njia kuu inapotandazwa upya kwa reli nzito zaidi, zile za zamani huhamishiwa njia za pembeni, na mara nyingine kwenye stesheni nyingine kabisa. Chuma kinaweza kuwa kizee kuliko stesheni kilipolala. Urefu wa njia ya pembeni una habari zaidi: treni zilivyorefuka, hasa baada ya zile injini kubwa aina ya Garratt za daraja la 59 kuingia kazini kuanzia 1955, ndivyo nafasi ya kupishana ilivyotakiwa kurefuka.

Jambo jingine kuhusu watu hawa ni uhamisho. R. D. Grillo, katika African Railwaymen cha mwaka 1973, aliwachunguza wafanyakazi wa reli wa Kampala, na kinachojitokeza kule kinafaa huku pia: mtu wa reli ni wa shirika kabla ya kuwa wa mahali. Mluo, Mkamba na Mtaita walikutana kwenye kota za stesheni isiyo ya yeyote kati yao, wakalea watoto kwa Kiswahili, wakahamishwa. Kwa hiyo ukienda kijijini kuuliza habari za stesheni, wanaokumbuka kazi ya ndani huenda hawapo. Wamestaafu Kisii, Machakos, Bungoma. Stesheni ndogo ina jamii mbili, ya waliopita na ya waliobaki, na zina kumbukumbu tofauti. Hata mgomo una sura mbili. Mgomo wa wafanyakazi wa reli wa Tanganyika wa mwaka 1960, ulioongozwa na chama cha Christopher Kasanga Tumbo, ulidumu siku 82. Vitabu vinaueleza kwa mazungumzo ya Dar es Salaam. Stesheni ndogo waliogoma walikuwa wanne au watano, waliojuana kwa majina, na muuza duka aliyekuwa akiwakopesha unga. Aliwakopesha mpaka siku ya ngapi?

Kuhusu vyanzo, nitasema machache. Ratiba ya watumishi, ambayo si ile ya abiria iliyobandikwa ukutani, ndiyo hati yenye thamani kubwa kwa kurasa chache: inaonyesha treni zipishane wapi, injini inywe wapi, stesheni ipi inafungwa usiku. Risiti za vifurushi nazo watu huzidharau. Jamie Monson alipoandika Africa's Freedom Railway, kilichotoka mwaka 2009, kuhusu reli ya TAZARA, alitumia risiti za namna hiyo kutoka stesheni ndogo, na zikamwonyesha reli ambayo wanasiasa hawakuipanga. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China ili shaba ya Zambia ifike Dar es Salaam, ilikuwa imegeuzwa na wakulima na wachuuzi wa bonde la Kilombero kuwa njia yao ya kupeleka mazao sokoni. Jibu la swali letu pale limeandikwa kwenye vikaratasi vya mizigo, kwa kalamu ya karani.

Kwa masimulizi ya mdomo, acha kuuliza mwaka. Uliza alikuwa stesheni masta nani, treni ya usiku ilipita saa ngapi, samaki walitoka wapi. Watu hupanga wakati kwa majina ya mabosi na kwa milio ya honi, na ukiwafuata huko miaka itajipanga yenyewe.

Kuna mtego mmoja mkubwa: siku moja kubwa. Kima, stesheni ya Ukambani, inajulikana kwa usiku wa Juni 1900 ambapo C. H. Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alilala kwenye behewa akivizia simba, na simba ndiye aliyemvizia. Behewa lenyewe limehifadhiwa Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na ni vigumu kupata maandishi yoyote kuhusu Kima yasiyoanzia na kuishia behewani humo. Huko Dodoma, Igandu imebeba mzigo mzito zaidi. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kufunga breki, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Msiba kama huo lazima uandikwe, na kwa heshima. Lakini atakayeandika historia ya Igandu anadaiwa pia siku zake nyingine zote, na wenyeji watamshukuru akiziuliza.

Kusimama kwa treni kunakoma namna gani? Injini za dizeli ziliondoa haja ya maji na kuni, na matangi yakabaki marefu bila kazi. Malori yakachukua mizigo midogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja la reli likagawanywa. Kwingine reli yenyewe iling'olewa: kusini mwa Tanzania, njia ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa miaka ya 1940 ilitoweka miaka ya 1960, na stesheni zake zikabaki bila hata chuma cha kuthibitisha. Kati ya Mombasa na Nairobi, treni ya abiria ya njia ya zamani ilikoma mwaka 2017, reli ya kisasa ilipozinduliwa tarehe 31 Mei. Kati ya miji hiyo miwili reli mpya inashusha abiria Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Mackinnon Road haimo. Mji wenyewe umeshageukia barabara kuu: malori, mabasi, hoteli za chai na chapati. Wanaokuja ziara kaburini huja kwa gari, na madereva wa barabarani nao husimama kutoa sadaka. Ile kanuni ya walii imehama reli ikapanda lami.

Kama unataka kuanza, anza na waliofanya kazi kwenye njia ya zamani mpaka treni ya abiria ilipokoma. Wapo. Mpe mmoja karatasi kubwa na penseli, mwambie akuchoree uwanja wa stesheni: njia kuu, njia ya pembeni, tangi, stoo, nani aliishi nyumba ipi, mama wa chai alikaa wapi. Usimsaidie. Akikosea akafuta, usimwondolee alichofuta. Mara nyingi hapo pana nyumba iliyobomolewa. Andika tarehe na jina lake pembeni kwa ruhusa yake, toa nakala, moja mwachie. Ukiwa na mchoro huo ndipo uende kwenye nyaraka za taifa kuomba faili, kwa kuwa sasa utajua unatafuta nini.